Sura ya Saba: Tiketi ya Kusimama

Mwimbaji wa opera hapewi maikrofoni. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila utakachokikuta ndani ya Wiener Staatsoper, jumba la opera la taifa katika jiji la Vienna, kimetokana nalo: umbo la ukumbi, ukimya wa watu, miaka mingi ya kuifunza sauti, hata ubishi wa mashabiki kule juu roshanini. Mtu mmoja anasimama jukwaani. Mbele yake, ndani ya shimo la okestra, wameketi wapiga ala ambao katika kazi kubwa hukaribia mia moja, na ng'ambo yao kuna wasikilizaji zaidi ya elfu mbili. Sauti yake inapaswa kuzivuka ala zote hizo, ipande hadi roshani ya mwisho chini ya dari, na imfikie aliyesimama kule ikiwa nzima, hata pale anapoimba kwa upole kama anayembembeleza mgonjwa.

Sisi tuliozoea spika, iwe ni harusini, kanisani, kwenye kampeni au ndani ya daladala, tumesahau kifua na koo la binadamu vinaweza nini vikiachwa peke yake. Nimeandika sura hii ili nimshawishi msomaji akasikie kwa masikio yake. Nataka pia nimwondolee woga mmoja ambao huwazuia wengi: kwamba opera ni starehe ya matajiri, na kwamba mtu wa kawaida hana nafasi pale. Vienna nafasi hiyo ipo, na imewekwa mahali pazuri kuliko anavyodhani.

Jumba liko kwenye Ringstrasse, barabara pana inayouzunguka mji wa kale. Tramu husimama karibu na mlango, na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Karlsplatz kiko hatua chache tu. Mchana, vijana waliovaa mawigi na makoti ya zama za Mozart watakufuata njiani wakikuuzia tiketi. Wanachouza kwa kawaida ni matamasha ya watalii yanayofanyika kumbi nyingine, si opera ya jumba hili. Waitikie kwa adabu, kisha uendelee na safari yako.

Jumba lilifunguliwa tarehe 25 Mei 1869 kwa opera ya Mozart, Don Giovanni, na wasanifu wake wawili hawakuwepo kuiona siku hiyo. Eduard van der Nüll na August Sicard von Sicardsburg walikuwa tayari wameanza ujenzi pale usawa wa barabara iliyo mbele yake ulipoinuliwa kwa kiasi cha mita moja. Jengo likaonekana limezama. Wakazi walilicheka, magazeti yakalisema vibaya, na Kaizari Franz Joseph naye hakuficha kutoridhika kwake. Aprili 1868 van der Nüll alijiua. Sicardsburg, mshirika wake wa kazi kwa miaka mingi, alifariki kwa maradhi mwezi Juni mwaka huohuo. Inasimuliwa kwamba Kaizari alishtuka mno, na tangu hapo kila alipoonyeshwa kazi ya sanaa alijibu kwa maneno yaleyale ya adabu, kwamba ni nzuri na imemfurahisha. Leo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kulipiga picha jengo lile, na wachache sana miongoni mwao wanayajua majina ya wawili hao. Ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Sasa tuingie. Walionunua viti hupita mlango mkubwa wa mbele na kupanda ngazi za marumaru. Wa kusimama wana dirisha lao la tiketi upande wa Operngasse. Ndani ya ukumbi mna nafasi za kusimama zaidi ya 400, na tiketi zake huuzwa siku ileile ya onyesho. Kiti kizuri usiku wenye waimbaji mashuhuri huvuka euro 200, ilhali tiketi ya kusimama haizidi bei ya mlo wa kawaida mgahawani. Tena, kundi moja la nafasi hizo liko chini kabisa, nyuma tu ya viti vya ghali, katikati, likitazamana na jukwaa. Aliyelipa pesa ya chakula cha mchana anaona na kusikia karibu sawa na aliyelipa mara kumi na zaidi. Kundi jingine liko roshani za juu. Huko utamwona mwimbaji akiwa mdogo, lakini sauti hupanda, na wazoefu wengi huchagua kusimama juu kwa makusudi.

Kuna desturi moja ya pale ninayoipenda sana. Mbele ya kila msimamaji kuna mwamba wa kuegemea. Ukishapata sehemu yako, unafunga skafu au leso kwenye mwamba huo, kisha unakwenda zako kunywa maji au kunyoosha miguu. Ukirudi utaikuta nafasi yako vilevile. Mgeni anayethubutu kukigusa kitambaa cha mwenzake ataelimishwa papo hapo na wenyeji, wala hatarudia. Humo utakutana na wazee waliostaafu ambao wamesimama pale tangu ujana wao, na wanafunzi wa muziki walioshika vitabu vya noti wakifuatilia mstari kwa mstari. Nimejifunza mengi zaidi kwa kusikiliza ubishi wao wakati wa mapumziko kuliko kwenye vijitabu vinavyouzwa mlangoni.

Saa moja jioni, taa zinazimwa na mazungumzo yanakatika ghafla. Haikuwa hivyo siku zote. Zamani watu walikwenda opera kuonana, kupiga soga na kutazama nani amevaa nini, huku taa za ukumbini zikiwaka. Aliyebadilisha mambo hapa alikuwa mtunzi Gustav Mahler, mkurugenzi wa jumba kuanzia 1897 hadi 1907. Alikuwa Myahudi, na mapema mwaka 1897 alibatizwa Mkatoliki, maana katika Vienna ya siku zile cheo hicho kisingemfikia akibaki alivyo. Alipokishika, alitia giza ukumbini, akawafungia nje waliochelewa, na akapambana na wale waliolipwa na waimbaji ili wawapigie makofi. Wengi walimchukia kwa hilo. Mimi naona alikuwa na haki.

Kwetu mambo ni tofauti. Msikilizaji wa taarabu aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji huku wimbo ukiendelea. Zile kelele za furaha ni sehemu ya shughuli, na maikrofoni inamwezesha mwimbaji kuzihimili. Vienna, furaha hiyohiyo inabanwa kifuani hadi aria, wimbo wa mtu mmoja, imalizike. Hapo ndipo ukumbi unapolipuka kwa makofi na vigelegele vya “bravo”, na kule juu, kama mwimbaji amevurunda, kwa kuzomea kusiko na huruma. Hawa si watu baridi. Wanakaa kimya kwa sababu karatasi ya peremende ikifunguliwa mstari wa tano, mtu wa roshani ya juu anaikosa noti.

Je, sauti ya mtu mmoja inashindaje okestra? Swali hili lilinisumbua hadi nilipokutana na kazi ya Johan Sundberg, mtafiti wa sauti kutoka Sweden, aliyelichunguza katika miaka ya 1970. Jibu lake linapendeza. Okestra ina nguvu zaidi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Kuanzia hapo kwenda juu nguvu hiyo hupungua. Mwimbaji aliyefunzwa huteremsha zoloto na kuipanua njia ya koo, na kwa kufanya hivyo hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imeshanyong'onyea na ambapo sikio la binadamu lina wepesi mkubwa. Kwa hiyo hapigi kelele kuwazidi wapiga ala. Anapita kwenye upenyo waliouacha wazi. Jambo hili huonekana hasa kwa wanaume na kwa wanawake wa sauti nzito. Soprano anayepaa juu hubebwa na urefu wa noti zenyewe. Pumzi inatawaliwa na misuli ya mbavu na tumbo, na kuizoeza huchukua miaka. Aliyewahi kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, akijua jinsi kifua kinavyoisha katikati ya mstari mrefu, ataelewa upesi kinachofanyika pale jukwaani.

Na kinafanyika karibu kila usiku. Kuanzia Septemba hadi Juni jumba hili hutoa maonyesho zaidi ya 300. Leo ni opera hii, kesho nyingine kabisa, keshokutwa huenda ni bale. Mapambo ya jukwaa huletwa kwa malori kutoka maghala ya Arsenal, upande wa kusini mashariki mwa jiji, na usiku onyesho likiisha mafundi huanza kubomoa ili kesho yake asubuhi jukwaa liwe tayari kwa mazoezi ya kazi nyingine. Wapiga ala wa shimoni nao si watu wa kubahatisha: okestra maarufu ya Vienna Philharmonic huchukua wanachama wake kutoka humuhumu, na mtu hawezi kuomba kujiunga nayo kabla ya kupiga miaka mitatu katika opera.

Kwa usiku wa kwanza nashauri La traviata ya Giuseppe Verdi. Nimesikia watu wakishauri opera fupi, au za kuchekesha, ili mgeni asichoke. Sikubaliani nao. Mgeni apewe iliyo bora. Violetta ni mwanamke wa Paris anayeishi kwa pesa za wanaume matajiri, naye anaugua kifua kikuu. Kijana aitwaye Alfredo anampenda kwa dhati, naye Violetta, baada ya kusita sana, anayaacha maisha yake na kwenda kuishi naye shamba. Kisha siku moja, Alfredo akiwa hayupo, baba yake anabisha hodi.

Sehemu hiyo, mazungumzo ya baba mkwe asiyetaka kuwa mkwe na mwanamke asiyekubalika, ndiyo moyo wa opera nzima. Mzee Germont ana binti anayetaka kuolewa, na upande wa mchumba unatishia kujitoa kwa sababu ya aibu ya kaka yake. Anamwomba Violetta aondoke. Haji na fimbo; anakuja na heshima ya ukoo, na hilo ndilo linalotisha. Msomaji aliyekulia Tanga, Lamu au Bujumbura hahitaji kufafanuliwa chochote hapa. Anazijua posa zilizovunjika kwa maneno ya watu, na anamjua mzee mwenye sauti ya upole anayeharibu maisha ya mtu akiamini anaokoa nyumba yake. Verdi anampa mzee huyo muziki wa utulivu, ulionyooka, huku ule wa Violetta ukikatikakatika kwa hofu. Kadiri mazungumzo yanavyoendelea unasikia jinsi anavyozidiwa, hadi naye anaimba polepole, amekubali. Maneno ni ya Kiitaliano, lakini kwenye skrini ndogo mbele yako unaweza kufuata tafsiri yake kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo.

Verdi aliyajua mambo hayo kwa uchungu. Alipoitunga alikuwa akiishi na mwimbaji Giuseppina Strepponi bila ndoa, na watu wa mji wa Busseto waliwasengenya kanisani na barabarani. Walioana baadaye, mwaka 1859. Hadithi ya Violetta imetokana na riwaya ya Alexandre Dumas mdogo, ambaye naye alimchora mwanamke halisi, Marie Duplessis, aliyefariki Paris mwaka 1847 akiwa na umri wa miaka 23. Opera ilipotolewa kwa mara ya kwanza Venice, tarehe 6 Machi 1853, ilianguka. Verdi alitaka mavazi ya siku zake mwenyewe. Wakubwa wakalazimisha hadithi irudishwe nyuma miaka mia na hamsini, ili watazamaji wasijione. Mwaka uliofuata, baada ya marekebisho na katika ukumbi mwingine wa mji uleule, ilipokewa kwa shangwe.

Wakati wa mapumziko toka nje ya ukumbi uende kwenye ngazi kuu. Hata wenye tiketi za kusimama huzunguka humo. Shika ukuta wake. Ni sehemu ya jengo la awali, na ni bahati kwamba ingalipo. Tarehe 12 Machi 1945, vita ikikaribia kwisha, mabomu ya Wamarekani yaliliangukia jumba likaungua. Ukumbi na jukwaa viliteketea, pamoja na mapambo ya opera zaidi ya 120 na maleba yapatayo 150,000. Sehemu ya mbele, ngazi hizi na sebule iliyochorwa na Moritz von Schwind vilisalimika. Lakini uharibifu ulikuwa umeanza kabla ya mabomu. Tangu Austria ilipomezwa na Ujerumani ya Hitler, Machi 1938, wasanii Wayahudi wa jumba hili walifukuzwa. Baadhi walikimbilia nchi za mbali, wengine waliuawa. Mtu akikusimulia historia ya jumba hili akaanzia kwenye bomu, muulize kuhusu miaka saba iliyotangulia.

Ujenzi mpya ulichukua miaka kumi. Majeshi ya kigeni yaliyoikalia Austria yaliondoka Oktoba 1955, na tarehe 5 Novemba mwaka huohuo milango ilifunguliwa kwa Fidelio ya Beethoven, okestra ikiongozwa na Karl Böhm. Ni opera ya mwanamke anayejifanya mwanamume na kuingia gerezani kumwokoa mumewe, mfungwa wa kisiasa. Ndani yake kuna mahali ambapo wafungwa wanatolewa shimoni kwa muda mfupi kuota jua, na wanaimba kwa sauti ya chini, wakiogopa kusikiwa na walinzi. Sijui kama ingepatikana kazi nyingine ya kufaa usiku ule.

Kengele inalia, tunarudi. Tendo la mwisho la La traviata linaanza kwa fidla zilizo juu sana, laini, kama zinazoogopa kumwamsha mtu. Violetta yuko kitandani. Anashika barua aliyoandikiwa na mzee Germont, ambaye sasa anajuta na kuahidi kuja, na hapo Verdi anafanya jambo ambalo kwangu linazidi aria zote. Katika kazi ambayo kila neno limeimbwa kwa zaidi ya saa moja, Violetta anaisoma barua ile kwa sauti ya kawaida ya kuongea. Haimbi. Pumzi imemwishia. Wanaomwimbia ni wapiga nyuzi wachache shimoni, wanaorudisha kwa upole ule wimbo ambao Alfredo alimtamkia mapenzi nao katika tendo la kwanza. Watu elfu mbili hawakohoi. Mwanamke mmoja anasoma barua bila maikrofoni, nawe nyuma kabisa, umeegemea mwamba wako na miguu ikiuma, unasikia kila silabi.

Baada ya makofi, usiende moja kwa moja kituoni. Upande wa Operngasse kuna mlango wa wasanii, ambako mashabiki huwasubiri waimbaji. Nyuma ya jumba, karibu na makumbusho ya Albertina, kuna kibanda cha soseji, na hapo mwanamume aliyevaa suti nyeusi hula wima akiwa bega kwa bega na dereva wa teksi. Maneno ya kibandani ni yaleyale: nani ameimba vizuri, nani amechoka, nani alikuwa bora zaidi katika nafasi ileile miaka ya nyuma.

Na kama bado kuna anayeuliza Mwafrika anatafuta nini huko, namjibu kwa jina moja. Pretty Yende alizaliwa mwaka 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief, Mpumalanga, Afrika Kusini. Akiwa msichana alisikia kipande cha opera ya Lakmé kwenye tangazo la shirika la ndege katika televisheni, akamuuliza mwalimu wake ule ni muziki gani. Alisoma Cape Town, na mwaka 2009 alishinda Vienna katika mashindano ya kimataifa ya Belvedere. Machi 2021 Staatsoper ilipoitoa upya La traviata, Violetta alikuwa yeye. Kwa sababu ya korona, viti vyote vilikuwa vitupu; aliimba mbele ya kamera, na dunia ikamsikiliza kwa njia ya matangazo. Tangu wakati huo amerudi kuimba jukwaa lilelile ukumbi ukiwa umejaa. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1958, Mmarekani mweusi Leontyne Price aliimba Aida hapohapo chini ya uongozi wa Herbert von Karajan.

Wasomaji wangu wa Muscat, ambako Kiswahili bado kinasemwa katika nyumba za familia zilizotoka Zanzibar, hawana haja ya kusafiri mbali. Royal Opera House Muscat ilifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini. Nendeni, mkalitumie jumba lenu.

Na wewe ambaye safari au masomo yatakufikisha Vienna kati ya Septemba na Juni, nakuomba usiondoke bila kusikia. Suti haihitajiki, nguo safi zinatosha, ila acha kaptula na ndala nyumbani. Soma hadithi ya opera mchana wake. Vaa viatu visivyobana. Beba skafu, nunua tiketi ya kusimama, zima simu kabisa, na usiondoke kabla ya tendo la mwisho.